Nimekanda Watoto wa Mji Mzima, Leo Naletewa Kiti cha Plastiki

Mpendwa mshauri Bi Kanze,

Assalamu alaykum, na kama si salamu yako basi nakuamkia kwa heri na wema. Naomba msaada wako, na naomba uwe wa haraka kwa sababu safari yangu iko karibu na moyo wangu hautulii. Nasoma ukurasa wako kila wiki na naona wanaokuandikia hujibandika majina ya kujificha, mara Mwenye Majonzi, mara Aliyechoka wa Majengo, lakini mimi naitwa Mwanakuu, nakaa Mji wa Kale, liandike jina langu kama lilivyo, maana ukiingia kwetu ukamuuliza mtoto yeyote njia ya kwangu atakuleta hadi mlangoni, na huyo mtoto mwenyewe huenda alipita mikononi mwangu kabla hajajua kugeuza shingo.

Kazi yangu ni kukanda wazazi na watoto wachanga, mwanamke akijifungua huitwa mimi, nikaja na mafuta yangu, nikamkanda, nikamfunga tumbo, nikamwosha mwanawe na kumnyoosha viungo mpaka arubaini iishe, na nimewakanda Waswahili na Wahindi na Wabara waliokuja kufanya kazi bandarini na reli, na kuna daktari mmoja, mtu mzima mwenye mvi, ambaye nilimkanda yeye, kisha nikaja nikamkanda mtoto wake, na siku tukikutana njiani huinama akanipa mkono mbele ya watu. Sijisifu, Bi Kanze, au labda najisifu, lakini nataka ujue ni nani anayekuandikia ndipo uelewe kwa nini kiti cha plastiki kimenitoa machozi.

Mimi na mume wangu Abdulgani, mwenye duka la vipuri vya cherehani, tuna mtoto mmoja tu, Firoza, naye ni muuguzi. Yeye na mumewe walipata kazi Uingereza, ila kibali cha mtoto wao kikachelewa, wakaambiwa wangoje, wakangoja, kazi haikungoja, basi wakaniachia mjukuu wangu Zahabiya akiwa bado hajaota jino. Jino la kwanza nimeliona mimi, hatua ya kwanza amepiga kutoka kwenye baraza yetu hadi kwa muuza kashata, neno la kwanza ameniita mimi, na anakula, ana mashavu, ana adabu, anajua kusema ahsante kabla hajajua kusema nataka, na kila anayemwona husema huyu kalelewa. Sasa kibali kimetoka na Firoza ametukatia tikiti, nimpeleke mtoto, nikae nao kidogo, kisha nirudi peke yangu.

Wiki chache zilizopita akaja mwenzake wa kazini aliyekuwa likizo, akaniletea boksi kubwa, nikalifungua mbele ya majirani nikidhani ni nguo, kumbe ni kiti, kiti cha mtoto cha gari, cheusi, kina mikanda ya kupita mabegani na katikati ya mapaja. Jirani yangu mmoja akakizunguka, akasema, "Mwanakuu, hiki ndicho kilichokuja kukustaafisha?" Wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikaingia jikoni nikasugua sufuria iliyokuwa safi.

Jioni Firoza akapiga simu ile ya kuonana uso. Akasema, "Mama, hicho ni cha gari lakini utakitumia hata ndani ya ndege. Zahabiya nimemlipia nafasi yake. Utakifunga kiti kwa mkanda wa ndege, halafu umfunge yeye ndani ya kiti."

Nikamuuliza, "Na mimi nitakuwa wapi?"

"Kando yake, Mama."

Kando yake. Nililala na neno hilo. Mtoto hajafika miaka miwili, kisheria anaweza kupakatwa, nimeuliza, na mimi ndiye ninayejua kupakata kuliko mwanamke yeyote kisiwa hiki, halafu mwanangu mwenyewe, niliyemkanda kwa mikono hii hii, ananiambia nikae kando.

Kwa hiyo, Bi Kanze, nilisema uongo. Siku ya pili nilimpigia Firoza nikamwambia nimekwenda ofisi ya shirika la ndege, nimeonana na karani, naye amesema kiti kama kile hakiruhusiwi kuingia ndani, kitupwe na mizigo au kiachwe. Sikuwa nimekwenda popote siku hiyo ila Marikiti kununua ndizi. Firoza akasema, "Basi kama wamesema hivyo, nitawaomba waifute ile nafasi yake, wewe umpakate." Hakuuliza mara mbili, kwa sababu tangu utotoni hajanishika na uongo, na badala ya kuona haya nilifurahi, nikalala usingizi mzuri.

Kiti nikakisukuma chini ya ngazi. Mume wangu, ambaye hajui lolote, akakitoa akakifuta, akakiweka sebuleni, na Zahabiya akakipanda mwenyewe, akaketi, akaangalia huku na huku kama bibi harusi, na kabla sijamaliza kukunja nguo alikuwa amelala humo, yeye ambaye hajawahi kulala popote ila mapajani pangu. Abdulgani akaniita, "Mama Firoza, njoo umwone."

Nikamwambia, "Mtoe, ataumia shingo."

Akasema, "Shingo yake imekaa vizuri kuliko yangu," akaendelea na gazeti lake.

Ningeyabeba hayo kama si siku nilipokwenda na Zahabiya kununua begi la safari. Tulichukua tuktuk ya Dishon, kijana anayenipeleka siku zote kwa wazazi ninaowakanda huko Majengo, dereva mwangalifu, na tulikuwa tunarudi kutoka Makupa, Zahabiya nimempakata kwa mikono miwili vile ninavyowafundisha wanawake wenzangu, mmoja kifuani na mmoja chini ya mapaja, mara mkokoteni ukatokeza mbele yetu. Dishon akakanyaga breki. Mtoto akanitoka. Nasema alinitoka, Bi Kanze, sikuwa nimezubaa, sikuwa na simu, nilikuwa nimemshika kwa nguvu zangu zote, naye aliruka kama kipande cha sabuni kilicholowa, akapiga mdomo kwenye chuma cha nyuma ya dereva, akaangukia katikati ya miguu yangu na lile begi jipya. Mdomo ulivimba tu, alhamdulillah, na alinyamaza upesi.

Dishon aligeuka akasema, "Mungu mkubwa, Nyanya, umemdaka." Na tulipofika mtaani akawahadithia watu, "Angekuwa mwingine, mtoto angetoka nje. Mikono ya Bi Mwanakuu ni chuma." Watu wakanisifu, Abdulgani akanishika kiganja mbele yao akaomba dua. Nami nikanyamaza. Sikumdaka mimi. Lilimzuia begi.

Sasa nifanyeje? Nikimwambia Firoza kweli atajua nilimdanganya, na anaweza kusema basi aje mwingine amlete mtoto. Nikinyamaza nitapanda naye ndege nikiwa najua ninalolijua. Na kuna jambo moja zaidi nimeona tabu kuliandika, nalo ni kwamba saa zile za ndegeni ndizo za mwisho Zahabiya atakuwa wangu, nikimkabidhi nimemkabidhi. Je, ni vibaya nyanya kutaka kumpakata mjukuu wake njia nzima?

Nangoja jibu lako,
Mwanakuu, Mji wa Kale, Mombasa

Bi Kanze anajibu:

Shikamoo Bi Mwanakuu.

Barua yako iliponifika niliona safari iko karibu kuliko gazeti, ndiyo maana nikakupigia. Nilikwambia pia kwamba sitaichapisha kwa jina lako, wala bila jina lako, mpaka Firoza ayasikie haya kutoka kinywani mwako. Niliyokwambia kwenye simu nayaandika hapa ili wasome na wengine, kwa kuwa kiti hiki hakikufika kwako peke yako.

Fahari yako ni halali yako. Mtu aliyelea watoto wa mji hana sababu ya kuinamisha kichwa, na sitakuomba ujione mdogo. Nitakuomba ujisome. Umeandika barua ndefu kuuliza swali, na jibu umelitia mwenyewe ndani yake, pale mtoto alipokutoka. Tuktuk hiyo ilikuwa inakwenda mwendo gani? Hata punda angeipita. Ndege hukimbia njiani kabla ya kuruka kwa kasi ambayo Dishon hataiona maisha yake yote, na huko juu huweza kushuka ghafla kama mtu aliyekosa kidato cha ngazi. Wakati huo hakuna mikono. Si yako, si yangu, si ya mchukuzi wa magunia bandarini. Hilo halikuvunjii heshima, Bi Mwanakuu, kama vile bahari kuwa na kina hakumvunjii heshima mwogeleaji.

Nikuulize, unapomkanda mtoto unamning'iniza hewani? Humning'inizi. Unaketi chini, unanyoosha miguu, unamlaza juu ya miguu yako, unamwegemeza, ndipo mikono ifanye kazi. Miguu ndiyo inayombeba. Basi kiti alichokuletea Firoza ni hiyo miguu. Hakikuja kukustaafisha, na jirani yako anayesema hivyo mwambie apande ndege kwanza.

Sasa nikugombeze. Uongo wako haukuwa mdogo. Mwanao ni muuguzi, ana akili zake, angeweza kuinua simu akauliza shirika mwenyewe, na hakuinua kwa sababu aliyesema ni wewe. Imani ya mwanao ya miaka yote hiyo umeitumia kumwondolea mjukuu wako usalama. Umenikasirisha hapo, na nimekasirika zaidi uliposema ulilala vizuri. Kisha watu wakakusifu kwa jambo ambalo begi limefanya, ukapokea sifa. Hizo sifa huzihitaji, unazo zako za kweli tele.

Mpigie Firoza leo, si kesho baada ya kufikiri. Usimwambie ulisikia vibaya, wala usimtupie dhambi karani ambaye hayupo. Sema, "Nilikudanganya, sikwenda ofisi yoyote, na mtoto alinitoka kwenye tuktuk." Kisha nyamaza umsikilize. Akikasirika mwache, ana haki. Akitaka kumtuma mwingine, usigombane naye, mwombe tu mara moja. Na lile ulilonificha mpaka mwisho wa barua, kwamba unaogopa kumkabidhi, mwambie pia, kwa sababu hilo ndilo lililosema uongo, wewe uliliazima mdomo tu.

Mkisha kupatana, mwombe apigie shirika la ndege kabla nafasi ya Zahabiya haijapotea, awaambie mtakuja na kiti, awape upana wake, na aombe mkae dirishani, maana kiti cha mtoto hakitakiwi kuwa mahali pa kuwazuia abiria wengine kutoka. Wewe kigeuze kiti utafute kibandiko kinachosema kinafaa kwenye ndege. Viti vingine ni vya gari pekee, na bila kibandiko hicho watakipeleka kwa mizigo, hapo huna la kubishana. Kisha kaa na mumeo sebuleni, mfunge na kumfungua mtoto mpaka uweze kufanya hivyo huku unazungumza mambo mengine. Usingoje kujifunza mbele ya abiria wenye haraka.

Ndege ikiruka, ikitua, na kila taa ya mkanda inapowaka, Zahabiya akae kitini amefungwa, hata akilia. Atalia. Umewahi kumkanda mtoto asiyelia? Ulimwacha kwa sababu alilia? Taa ikizimika, muulize mhudumu, mtoe, umpakate mpaka mkono ufe ganzi. Hakuna aliyekukataza kumpakata. Umekatazwa kumpakata wakati wa hatari tu.

Huo ndio ushauri wangu, na sina mwingine wa kukupa ukiurudisha huu. Mtoto aliyelelewa kwa uangalifu kama Zahabiya hasafirishwi kwa kubahatisha. Mfunge vizuri, kaa kando yake, na ukifika umkabidhi kwa mama yake ukiwa umeinua kichwa.

Bi Mwanakuu ametuletea ujumbe huu kutoka Uingereza, akituruhusu kuchapisha yote pamoja:

Bi Kanze, nilimpigia Firoza siku ile ile, baada ya alasiri. Nikamwambia kama ulivyonipangia, neno kwa neno, kisha nikanyamaza. Akasema, "Mama, kwani ulidhani nakutoa kwa Zahabiya?"

Nikamwambia, "Ndiyo."

Akalia, nami nikalia, halafu akapangusa macho akanigombeza kama anavyogombeza wagonjwa wake, nikaona kweli nimezaa muuguzi. Ile nafasi ya Zahabiya ilikuwa bado ipo, shirika lilikuwa halijamjibu ombi la kuifuta. Abdulgani nilimwambia mwenyewe habari ya begi. Alicheka, akasema rangi yake aliagiza yeye, kwa hiyo sifa ni zake.

Ndegeni, mhudumu alikagua kibandiko, kisha akaivuta mikanda kuona kama imekaza. Akaniuliza, "Mama, nani amekufungia hivi?" Nikamwambia nimefunga mimi, na kazi yangu ni kukanda watoto. Akaenda kumwambia mwenzake, nikamwona ananionyesha kwa kidole. Zahabiya alilia tuliporuka, nikamwacha alie, nikamwimbia. Kwenye ndege ya pili tulitikiswa kwelikweli. Chai ilinimwagikia buibui lote, bwana wa mbele yetu akaita majina ya Mungu yote anayoyajua, na Zahabiya yuko kitini mwake amekaza macho kwenye chai yangu, anacheka. Taa ilipozimika nilimtoa nikampakata, akalala mapajani pangu nami sikusogea hata kwenda msalani.

Tulipotoka nje Firoza alikuwa amesimama mbele ya watu wote. Alimkimbilia mwanawe, na Zahabiya akaficha uso kwenye buibui langu. Nilimwona Firoza anarudi nyuma hatua moja. Zamani kidogo ningefurahi, nakuambia kweli. Siku hiyo sikufurahi. Nilimsogezea mtoto, nikamwambia, "Mbebe hivyo hivyo anavyolia, huyu anaisikiliza harufu yako."

Akambeba. Alilia mpaka kwenye gari, akalia tulipomfunga kitini, akachoka akanyamaza, akawa anamtazama mama yake kwa jicho moja. Firoza hakuwasha gari. Aliniuliza, taratibu, kama anayeona haya kuuliza, "Mama, asubuhi anapenda kula nini?"

Nikaanza kumwambia. Tulifika nyumbani kwake sijamaliza.